Goti la Mchezaji na Ng'ombe wa Familia

(Hotuba ya idara yetu ya afya na maendeleo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

  

Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tutazungumza juu ya goti. Msicheke! Mambo huwa hivi: kijana anacheza mpira alasiri, anageuka kwa ghafla, anasikia kitu kinalia "pa!" ndani ya goti, anaanguka. Jioni goti limefura. Baada ya wiki mbili au tatu anatembea, lakini akijaribu kukimbia na kukata kona goti linamtupa. Halafu neno linaenea kijijini kwamba lazima apasuliwe. Familia inaanza kuhesabu: ng'ombe mmoja, ile miti ya mikaratusi, kadi za harambee. Na kikundi nacho kinaombwa kufungua sanduku.

Hapo ndipo ninyi viongozi mnapoingia, kwa sababu pesa hizo ni jasho la watu wengi. Kwa hivyo tunajiuliza maswali mawili. La kwanza: je, upasuaji huo humsaidia mgonjwa kweli, na ni mgonjwa gani? La pili: ni nani anayefikiwa na matibabu hayo, na ni nani anayeachwa nje? Watafiti katika nchi mbalimbali wamefanya kazi kubwa juu ya maswali hayo. Tumeona ni vizuri tuwaletee walichokipata, kwa lugha yetu, ili muamue mkiwa na macho wazi.

GOTI LIMEUNDWAJE?

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja unakutana na mfupa wa muundi. Mifupa hiyo haikushikanishwa kwa misumari. Imefungwa kwa kano, yaani kamba ngumu za mwili. Mbili kati ya hizo zimepita ndani kabisa ya goti kama msalaba. Ile ya mbele ndiyo huzuia mfupa wa muundi kuteleza kwenda mbele, na ndiyo hukatika mara nyingi michezoni. Tena kati ya mifupa kuna vipande viwili vya gegedu, mfano wa mito midogo, vinavyopokea uzito ili mifupa isisagane.

Wengi wanadhani kano hukatika kwa kupigwa teke. La, hasha. Mara nyingi hakuna aliyemgusa mchezaji. Aliruka akatua vibaya, au mguu ulibaki chini na mwili ukageuka. Na wasichana wanaocheza mpira wa miguu, mpira wa wavu au wa kikapu wamo katika hatari ya kuumia hivyo mara kadhaa zaidi ya wavulana. Hiyo si sababu ya kuwakataza kucheza. Ni sababu ya kuwafundisha vizuri, na tutarudi hapo.

JE, NI LAZIMA APASULIWE?

Upasuaji wenyewe ni hivi. Daktari wa mifupa huchukua kipande cha kano nyingine ya mgonjwa, akakiweka mahali pa ile iliyokatika, akitumia kamera ndogo inayoingizwa kupitia tundu dogo. Ni kazi nzuri sana. Lakini kazi nzuri si lazima iwe ya kila mtu.

Nchini Sweden watafiti waliwachukua vijana 121, wa miaka 18 hadi 35, waliokuwa wamekatika kano hiyo hivi karibuni. Waliwagawa kwa kura, ili pasiwe na upendeleo. Kundi moja lilipasuliwa mapema, kisha likafanya mazoezi ya tiba. Kundi la pili, watu 59, lilianza na mazoezi ya tiba peke yake, na yeyote ambaye goti lilizidi kumsumbua aliruhusiwa kupasuliwa baadaye. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2010. Baada ya miaka 2 makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa kwa maumivu, kwa kutembea na kwa michezo. Mwaka wa 2013 wakatoa habari za miaka 5: katika kundi la mazoezi, watu 30 kati ya 59 walikuwa wamepasuliwa. Maana yake ni kwamba karibu nusu yao hawakupasuliwa kano hiyo.

Uholanzi nao walifanya jaribio kama hilo kwa watu 167, wakatoa matokeo mwaka wa 2021. Waliopasuliwa mapema walikuwa mbele kidogo, lakini tofauti ilikuwa ndogo, na tena nusu ya walioanza na mazoezi hawakufika kwenye chumba cha upasuaji katika miaka hiyo 2.

Sasa mtu asiondoke hapa akisema, "Idara ya afya imesema upasuaji ni bure." Hatukusema hivyo! Uingereza walichunguza watu 316 wa namna nyingine: wale ambao goti limekuwa likiwatupa kwa muda mrefu. Matokeo yalitoka mwaka wa 2022, nayo yalionyesha kwamba waliopelekwa kwa upasuaji walipata nafuu kubwa kuliko walioambiwa waanze na mazoezi tena.

Mkiziweka habari hizi pamoja mnaona njia. Mtu mzima aliyeumia majuzi, ambaye goti halikukwama, anaweza kuanza na mazoezi ya tiba kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi wa mtaalamu wa fiziotherapia. Goti likituliana, ashukuru Mungu. Likizidi kumtupa, basi upasuaji una maana, na hapo harambee si pesa ya kutupa. Watoto ambao bado wanakua wana njia yao ya kutibiwa. Hao wapelekwe kwa daktari wa mifupa mapema, wala tusiwapimie kwa kipimo cha watu wazima.

WAZEE NA MAGOTI YALIYOCHAKAA

Tuseme kidogo juu ya wazazi. Kuna mama wa miaka 50 na kitu ambaye hakuumia uwanjani, ila magoti yanauma kwa sababu ya miaka ya kubeba kuni na maji. Naye anaambiwa gegedu limechanika, likasafishwe kwa ile kamera.

Huko Texas, Marekani, mwaka wa 2002, watafiti walitoa matokeo ya watu 180 wenye magoti yaliyochakaa. Wengine walisafishwa goti kweli, wengine walikatwa ngozi tu na kushonwa bila goti kuguswa ndani. Wote walikubali mapema kuwa hivyo. Waliosafishwa hawakupata nafuu zaidi ya walioshonwa ngozi tu! Mwaka wa 2013 watafiti wa Finland walitoa matokeo kama hayo kwa watu 146, wa miaka 35 hadi 65, waliochanika gegedu kwa kuchakaa. Kupunguza gegedu hakukuwashinda wale waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza.

Kwa hivyo, kina mama na kina baba, msiuze shamba kwa ajili ya kusafishwa goti lililochakaa kabla ya kuuliza sana. Kupunguza uzito kwa walio wazito, kuimarisha misuli ya paja na kupunguza mizigo ya kichwani ndiyo mambo ya kuanza nayo.

NANI ANAFIKIWA, NANI ANAACHWA?

Sasa swali la pili. Tunadhani shida ya kukosa daktari ni yetu sisi watu wa mashambani peke yetu. Sikilizeni haya.

Huko Los Angeles, Marekani, watafiti walipiga simu katika afisi 50 za madaktari wa mifupa. Walisema wana mtoto wa miaka 10 aliyevunjika mkono. Waliposema ana bima ya kulipiwa na kampuni, afisi zote 50 zilikubali kumwona katika juma moja. Waliposema ana bima ya serikali ya watu maskini, ni afisi 1 tu iliyokubali. Hiyo ilichapishwa mwaka wa 2001. Mwaka wa 2012 wengine walichapisha habari za mji wa Cincinnati, safari hii kijana wa miaka 14 aliyekatika kano ya goti. Afisi 38 kati ya 42 zilimkubali akiwa na bima ya kampuni, na 6 tu alipokuwa na bima ya maskini. Mtoto ni yule yule, goti ni lile lile. Kilichobadilika ni kadi.

Na kuchelewa kuna madhara. Goti lisilo imara likiendelea kumtupa mtoto, vile vipande vya gegedu huchanika kidogo kidogo, na gegedu lililoharibika halirudi kama zamani. Mtoto aliyechelewa kwa ukosefu wa pesa anaweza kuwa mzee wa magoti kabla ya wakati wake.

Kwa dunia nzima, tume ya wataalamu iliyotoa taarifa katika jarida la Lancet mwaka wa 2015 ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawafikiwi na upasuaji salama wanaoweza kuulipia. Tena ikasema watu milioni 33 kila mwaka huingia katika umaskini mkubwa au madeni mazito kwa kulipia upasuaji. Hizo ndizo ng'ombe zetu na mikaratusi yetu, jameni, zimehesabiwa.

Hapa kwetu Kenya, hospitali za makanisa kama vile Kijabe, Kikuyu na Tenwek zimefanya kazi kubwa ya mifupa kwa miaka mingi, na tangu 1998 Kijabe kuna hospitali ya CURE ya kuwahudumia watoto wenye ulemavu. Lakini kutoka kijijini hadi huko ni nauli, ni kulala ugenini, ni siku za kibarua zilizopotea. Mgonjwa anakwenda mara moja, hana nauli ya kurudi kwa mazoezi, goti linakakamaa. Halafu tunasema daktari alimharibu. Kumbe ni nauli iliyomharibu.

MAMBO YASIYONGOJA

Kuna mambo ambayo hayataki mkutano wa kamati. Mpelekeni mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo mkiona:

Kwanza, mfupa umetokeza nje, au mguu umepinda.

Pili, mguu chini ya goti umekuwa baridi, umepauka, au umekufa ganzi. Damu haipiti. Saa chache zinaweza kuupoteza mguu wote.

Tatu, goti limekwama, halikunjuki wala halikunjiki.

Nne, hawezi kabisa kuukanyagia mguu, au goti lina joto na mgonjwa ana homa.

Kama si hayo, siku mbili tatu za kwanza apumzike, goti lifungwe kitambaa lakini lisikazwe sana, mguu uinuliwe juu ya mto, na lipozwe kwa kitambaa cha maji baridi dakika 15 hadi 20 kwa wakati, mara kadhaa kwa siku. Asikandwe kwa maji moto siku hizo. Asivutwe. Wazee wetu wanaounga mifupa tunawaheshimu, maana wamesaidia wengi pale pasipokuwa na mwingine. Lakini vijiti vikikazwa sana juu ya mguu uliofura damu hukatika, na tumbo la mguu huoza. Fundi mwema naye hujua wakati wa kusema, "Huyu mpelekeni hospitali."

KINGA IPO, NA HAINA GHARAMA

Habari njema ni hii. Huko Norway mwaka wa 2008 walichapisha utafiti wa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 katika vilabu 125 vya mpira. Timu nyingine zilifundishwa mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+, nyingine zikaendelea kama kawaida. Waliofundishwa walipunguza hatari ya kuumia kwa karibu theluthi moja, na majeraha mabaya kwa karibu nusu. Mtasema hao ni Wazungu wenye viwanja vya nyasi. Basi mwaka wa 2014 kulichapishwa utafiti wa Lagos, Nigeria, timu 20 za vijana zaidi ya 400. Majeraha yalipungua kwa asilimia 41.

Mazoezi yenyewe huchukua dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki, kabla ya kucheza. Hayataki mashine. Wachezaji hukimbia polepole huku wakigeuka na kunyosha nyonga, dakika 8. Kisha dakika 10 za nguvu na mizani: kujiinua kwa viwiko mwili ukiwa umenyooka kama ubao, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa na kuinuka, kuruka na kutua. Hapo kwenye kutua ndipo penye siri. Atue polepole kwa nyayo, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na yakielekea mbele juu ya vidole. Magoti yasigongane kwa ndani. Mwisho ni mbio za kasi dakika 2. Mwalimu wa michezo au kijana mmoja wa kikundi akijifunza, atawafundisha wote.

TUFANYE NINI SASA?

Kama yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, na tuketi kwanza tuhesabu gharama. Tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, kadi. Bima ya zamani, NHIF, iliyoanza mwaka wa 1966, nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, tarehe 1 Oktoba 2024. Familia isiyo na mshahara hulipa kulingana na mapato yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, nayo hutakiwa kulipa ya mwaka mzima pamoja. Hapo ndipo wengi hushindwa. Lakini ninyi mnajua kuweka akiba! Kikundi kinaweza kuchanga kidogo kidogo kila mkutano, mkawalipia watu kwa zamu kama mnavyonunuliana masufuria. Na kabla ya matibabu, ulizeni hospitali ni kiasi gani kadi italipa na kiasi gani kitabaki kwenu. Mjue mapema, si siku ya kutolewa kitandani.

La pili, harambee isiwe ya kisu peke yake. Mkichanga, wekeni kando nauli ya miezi 9 ya mazoezi. Utafiti wa Norway na Marekani wa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba kwa kila mwezi ambao mgonjwa aliyepasuliwa alingoja kabla ya kurudi mchezoni, hadi mwezi wa 9, hatari ya kuumia tena ilipungua kwa karibu nusu. Kijana anayerudi uwanjani mwezi wa 4 anakuja kuvunja harambee yenu.

La tatu, kila mgonjwa awe na mtu wa kumfuata. Mhudumu wa afya ya jamii au mwanakikundi amtembelee, aone anafanya mazoezi aliyofundishwa, amtie moyo. Mazoezi ya tiba huuma na huchosha. Peke yako utayaacha.

La nne, msiende kwa daktari bila maswali. Yaandikeni kwenye karatasi: "Tatizo ni kano au gegedu? Ni kukatika au ni kuchakaa? Naweza kuanza na mazoezi? Nikingoja miezi 3 kutakuwa na madhara gani? Gharama yote pamoja na mazoezi ni ngapi?" Daktari mwema hakasiriki akiulizwa.

Na tuwaambie vijana ukweli. Watafiti walipokusanya habari za wagonjwa zaidi ya 7,000 waliopasuliwa kano hii, mwaka wa 2014, walikuta kwamba 81 katika kila 100 walirudi kwenye mchezo wa aina fulani, lakini ni 55 tu waliorudi kwenye mashindano. Kijana anayetegemea mguu kupata nafasi ya shule au timu ya kaunti aambiwe hivyo mapema, na asaidiwe kushika kitu kingine mkononi pia, iwe ni ufundi au masomo. Thamani yake haiko kwenye goti.

Wapendwa, ng'ombe akiuzwa kwa sababu nzuri, ni sadaka. Akiuzwa kwa sababu hatukuuliza, ni hasara ya familia na ya kikundi. Tuulize basi, tukinge, na yule anayehitaji kisu kweli tumpeleke bila kumchelewesha. Mungu awabariki katika kazi zenu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni vijana wangapi katika eneo letu wameacha kucheza au kulima kwa sababu ya goti? Je, kuna aliyewahi kuonwa na mtaalamu?

2. Mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu nasi yuko wapi, na nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani?

3. Ni wanakikundi wangapi ambao kadi yao ya SHA imelipwa mwaka huu? Tutawasaidiaje waliobaki?

4. Nani atajifunza yale mazoezi ya dakika 20 na kuwafundisha watoto wa shule na timu zetu, wasichana na wavulana?